Uzio wa Asparaga na Ng'ombe wa Mzee Sulle

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi, mwanangu, bibi yangu alipomwambia baba yangu kwamba amemzika akiwa hai. Hakupandisha sauti. Alikuwa amekaa kwenye kigoda chake mlangoni, shuka begani, macho yake yaliyofunikwa na mtoto wa jicho yakielekea upande aliojua kuna njia, na aliyasema hayo kama mtu anayesema kwamba chai imepoa. Baba alikuwa ameshika mwiko. Mimi nilikuwa nimeshika kitabu, kama ilivyokuwa desturi yangu kila kazi za nyumbani zilipozidi.

Kabla sijakueleza jinsi mama mzazi mwenye afya njema alivyozikwa, uniwie radhi kwa jambo moja. Sijazoea sauti hii ya kizee. Kazi yangu ni kuandika makala, yaani kuwaambia watu mambo ambayo mimi mwenyewe sikuyajua nilipoyahitaji. Lakini mvi hazina adabu ya kubisha hodi. Majuzi, pale sokoni Karatu, kijana mmoja mtanashati aliinuka kwenye benchi akaniambia, "Shikamoo bibi, kaa hapa." Nikatazama nyuma kumtafuta huyo bibi. Hakuwapo. Basi nikakaa, na ukishakaa kwenye benchi la namna hiyo huna budi kutoa nasaha. Ndiyo nauli yake.

Baba yangu alikuwa mpishi. Miaka mingi alipika katika hoteli moja ya watalii ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, mahali ambapo ukungu huingia jikoni na kukaa kama mgeni. Mama yangu alikuwa muuguzi katika hospitali ya misheni kule Endulen, na kwa ubovu wa barabara tulimwona kwa nadra. Nyumbani kwetu, kwenye mgongo wa kilima nje kidogo ya Karatu, alibaki Bibi. Halafu mpaka wa kaskazini, wa Kenya, ukafungwa, watalii wakapungua, na hoteli ikapunguza wapishi. Siku ya kuondoka, msimamizi aliwaambia wafanyakazi wachukue watakacho katika bustani ya jikoni, maana haitatunzwa tena. Mmoja alichukua toroli. Mwingine alichukua kabichi zote alizoweza kubeba. Baba akarudi nyumbani na gunia la mizizi ya asparaga.

Kama hujawahi kuiona, asparaga ni mboga ya ajabu. Huli jani lake, wala tunda lake, wala mzizi wake. Unakula chipukizi, ikiwa bado imesimama kama kidole ardhini, kabla haijaamua itakuwa nini. Ukichelewa kuikata, inarefuka na kufumuka, ikawa unyoya mwembamba wa kijani unaofika begani mwa mtu. Kwa miaka ya mwanzo inakupasa uchelewe makusudi. Hukati hata chipukizi moja. Unaziacha zote zifumuke, kwa kuwa zile nyoya ndizo zinazoilisha mizizi. Anayepanda mahindi hujua baada ya miezi michache kama yeye ni mkulima au mpumbavu. Anayepanda asparaga hukaa na shaka yake miaka mitatu.

Baba alichimba mtaro wa kina cha goti nyuma ya nyumba, akajaza samadi chini, akainua tuta dogo la udongo katikati, na juu ya tuta akaikalisha ile mizizi, mmoja mmoja, akiitandaza huku na huku kama miguu ya buibui. Hakufukia yote mara moja. Kila chipukizi zilipojitokeza aliongeza udongo kidogo, akangoja, akaongeza tena. Majirani walikuja kutazama. Walikuwa wameshaona nyoya kama zile zikipamba kanisa siku za ndoa, kwa hiyo wakaiita mboga ile "majani ya harusi", wakamwuliza Baba kama ana mpango wa kuoa mke wa pili. Mchungaji mmoja wa Kimaasai, aliyetuletea salamu za Mama kutoka Endulen, aliizunguka bustani, akaipima kwa macho, akatoa hukumu yake. "Hii ipo porini kwetu. Yetu ina miiba. Hii yako imekuwa pole kwa sababu ya kukaa na watu wa majembe."

Sasa nikueleze desturi moja ya kwetu Wairaqw, maana bila hiyo habari hii haiendi popote. Shamba lenye mazao ni la mwenye shamba. Ng'ombe wa jirani akiingia kwenye mahindi mabichi, kelele zitasikika mpaka Mbulu. Lakini mahindi yakishavunwa na kubebwa nyumbani, mabua yanayobaki ni ya ng'ombe wa wote. Hakuna anayeomba na hakuna anayekataza. Ng'ombe wanaingia, wanakula, wanaacha samadi yao, mvua inakuja, unalima. Ng'ombe hatembei peke yake. Nyuma yake kuna mchungaji, na mchungaji ana kiu na ana habari, kwa hiyo wakati wa kiangazi kila nyumba ya kilimani hupitiwa na watu kutwa nzima. Ukipenda boga, penda na ua lake. Nasi tuliopenda samadi tulipenda na kwato zake.

Shida ya asparaga ni kwamba haina siku ya kuvunwa ikaisha. Kiangazi kinapofika na kilima kizima kimegeuka rangi ya mkate, yenyewe bado ina kijani, kwa sababu mizizi yake imeshuka mbali. Kwa ng'ombe wa Mzee Sulle, jirani yetu wa karibu kuliko wote, bustani ya Baba ilikuwa hoteli ya kitalii.

Kiangazi cha kwanza Baba alilinda mwenyewe. Alisimama kati ya mabua na asparaga, kifuani amevaa aproni yake ya upishi, mkononi fimbo. Mzee Sulle alipita na ng'ombe wake akamwita kwa mbali, "Baba Anjela! Leo wateja watapata supu gani?" Baba akacheka. Kiangazi cha pili alisimama tena, lakini alicheka kidogo. Cha tatu kilipokaribia, yaani kile ambacho baada yake, mvua za vuli zikinyesha, angeanza kukata chipukizi zake za kwanza, Baba alichoka kusimama. Akakata matawi ya mgunga, akachimbia nguzo, akajenga uzio wa miiba.

Kama angezungushia asparaga peke yake, nisingekuwa na la kukuandikia leo. Lakini uzio una tabia ya pombe, aliyeanza hajui pa kuishia. Alianzia kwenye bustani, akaona afadhali apitishe mstari mmoja mrefu kuliko kukata kona, akaendelea mpaka mpaka wa shamba, akashuka hadi karibu na kijito, akapanda upande wa pili. Alipomaliza, shamba lote lilikuwa ndani, na mabua yote, na ile njia ya miguu iliyokatiza uani kwetu tangu kabla sijazaliwa. Hakumwambia mtu. Nilipofika likizo kutoka chuo kikuu niliukuta umekamilika, nikausifu sana. Nilisema unaonyesha mipango.

Nilitegemea ugomvi. Nilikuwa hata nimejiandaa, maana miaka ile sisi wanafunzi tulipenda ugomvi wenye hoja. Ugomvi haukuja. Majirani waliutii uzio, na uzito wa utii ule, mwanangu, sijauona tena mahali popote. Ng'ombe wa Mzee Sulle waliifikia miiba, wakageuzwa polepole, wakazunguka. Wanawake waendao kijitoni wakatafuta njia upande wa pili wa kilima. Watu waliokuwa wakija kuomba kaa la moto asubuhi wakaomba kwingine. Mama Fabiano, mke wa Mzee Sulle, ambaye kila alasiri alimletea Bibi ugoro na habari za kijiji kizima, hakuonekana. Baba alipika pombe akaita watu waje kupiga maharage, kama ilivyo ada, unywe na ufanye kazi. Hakuja hata mmoja. Tulipiga maharage wenyewe, Baba na mimi, tukiwa na pombe ya kutosha kijiji na hamu ya kutosha kikombe kimoja.

Baba alikutana na Mzee Sulle kijitoni akamwuliza kulikoni.

"Kulikoni wapi?" Mzee Sulle akajibu kwa upole. "Tuliona miiba, Baba Anjela. Tukasema, mwenzetu amepata mambo yake. Sisi hatupendi kumsumbua mtu."

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Nikaona huu ndio wakati wa elimu kuingia kazini. Nilimfuata Mzee Sulle malishoni, nikamwamkia, nikamweleza kwa ufasaha uhusiano uliopo kati ya ardhi, nguvu za uzalishaji mali na maendeleo ya mkulima mdogo. Nilizungumza mpaka ng'ombe wawili wakalala. Mzee aliniacha nimalize, akavuta shuka lake vizuri.

"Binti yangu, umesema vizuri sana," akaniambia. "Siku utakayohitimu, urudi utueleze ulichosema."

Ndipo ikafika asubuhi ile niliyoanza nayo. Bibi alizungumza Kiiraqw, nami nayaleta maneno yake kwa Kiswahili ingawa njiani yamepoteza ukali.

"Mwanangu," alimwita Baba, "umenizika lini?"

Baba akacheka, akidhani ni utani. "Mama, mbona unasema maneno ya namna hiyo asubuhi yote hii?"

"Ni asubuhi? Nashukuru umeniambia. Zamani nilikuwa nayajua haya kwa miguu ya watu. Sulle anapita akikohoa, najua kumekucha. Wanawake wa maji wanapita wakisengenya, najua jua limepanda. Mama Fabiano anakuja, najua jua limeanza kushuka. Sasa nasikia upepo. Nimeamka, upepo. Nimekula, upepo. Mtu asiyesikia chochote ila upepo yuko wapi kama si kaburini? Umenifukia na miiba juu, kama wanavyofanya fisi asije akafukua."

Baba aliweka mwiko chini. Sijawahi kuona mwiko ukiwekwa taratibu namna ile. "Mama, nikiung'oa uzio asparaga italiwa. Miaka yote hii nimengoja. Imebaki mvua moja tu."

"Nani amekwambia uung'oe?"

Baba akamgeukia Bibi. Mimi pia nilifunga kitabu.

"Maneno hutangulia, miiba hufuata," Bibi akasema. "Wewe umetanguliza miiba. Watu wameisoma wenyewe, na miiba inasomeka namna moja tu. Nenda kwa Sulle. Kamwombe."

"Nimwombe nini?"

"Kipande cha shamba."

"Shamba langu mwenyewe, Mama?"

"Shamba lako mwenyewe. Ukiliomba watakupa. Usipoliomba utabaki nalo peke yako."

Nilicheka. Ilikuwa kosa, maana Bibi aliona kwa masikio. "Na wewe msomi, unacheka nini? Nimesikia ulikwenda kuhutubia ng'ombe. Haya, kaoshe kibuyu. Mkono mtupu haulambwi."

Pombe haipikwi kwa siku moja, kwa hiyo Baba alipata muda wa kuogopa. Hebu mfikirie. Mtu huyu aliwahi kupikia mawaziri na wageni wa kila rangi. Aliweza kusimama mbele ya meza ya watu ishirini akaeleza kilichomo kwenye sahani. Lakini neno "naomba" lilimkaa kooni kama mfupa wa samaki. Nilimsikia akilifanyia mazoezi nyuma ya nyumba, mbele ya asparaga. Mara aliliweka mwanzoni, mara mwishoni, mara akalificha katikati ya habari za mvua. Atakaye cha mvunguni sharti ainame. Mgongo wa Baba ulikuwa haujainama mahali popote isipokuwa juu ya jiko.

Alasiri moja tukaondoka, yeye mbele, mimi na kibuyu nyuma. Kwa Mzee Sulle ni karibu kiasi kwamba zamani tuliitana bila kutoka mlangoni. Siku hiyo ilibidi tuzunguke uzio wetu wenyewe wote, tukashuka karibu na kijito na kupanda tena, miiba ikitusindikiza mkono wa kushoto. Tulifika tukihema.

Mzee Sulle alikuwa ameketi nje anachonga mpini wa jembe. "Karibu, Baba Anjela. Umepotea?"

"Sijapotea."

"Nauliza tu. Maana njia ya huku nasikia ilizibwa."

Tukakaribishwa, tukakaa. Pombe ikamiminwa, wakanywa kidogo, wakazungumza habari za mvua, za kwato za ng'ombe, za sukari iliyoadimika madukani Karatu. Nilimwona Baba akilitafuta lile neno, akilikosa, akinywa, akilitafuta tena. Mwisho akaweka kibuyu chini.

"Nimekuja kuomba."

Mzee Sulle aliacha kuchonga. "Kuomba nini?"

"Kipande cha mabua."

"Cha shamba la nani?"

"Langu."

Mzee Sulle akageukia nyumba. "Mama Fabiano! Njoo usikie mambo. Huyu mtu ameleta pombe kuja kuomba shamba lake mwenyewe."

Mama Fabiano akatokea na mikono yenye unga, akatutazama, akatazama kibuyu. "Si umpe, maskini," akasema. "Asije akakosa pa kulima."

Hapo Baba mwenyewe alianza kucheka, na kicheko kile kilifanya kazi ambayo neno "naomba" lilikuwa limeianza. Lakini Mzee Sulle hakuwa amemaliza. Alingoja kicheko kipite, akauliza kwa sauti nyingine, sauti ya mtu aliyeumizwa na asiyependa kuonekana ameumizwa.

"Hicho unachokifungia ni chakula?"

"Ni chakula."

"Cha watu?"

"Cha watu."

"Umekaa na chakula nyuma ya nyumba miaka yote hii, hujawahi kutuonjesha hata kidogo. Mtoto wangu akikosa chumvi anakuja kwako. Wewe ukikosa chumvi unakuja kwangu. Hicho chako umekizungushia miiba. Tufikirije?"

Baba akamweleza. Akasema hajakata hata chipukizi moja tangu alipopanda, kwamba ukikata mapema mizizi hufa, na kwamba yeye mwenyewe hajaionja asparaga tangu siku aliyotoka hotelini.

"Hujaionja?"

"Sijaionja."

"Kwa hiyo umegombana na kijiji kwa ajili ya chakula ambacho hata wewe huli?"

Baba akafikiri. "Ndivyo ilivyo."

Mzee Sulle akashusha pumzi ndefu, akainua kibuyu. "Afadhali. Mimi nilidhani umekuwa mchoyo. Kumbe una wazimu tu. Ungetuambia mapema, wazimu tunauheshimu."

Masharti yalitolewa pale pale, bila karatasi na bila kikao. Kipande cha asparaga kitakuwa cha Baba, kiangazi na masika, na ng'ombe hawatakigusa. Mabua mengine yote yatarudi kwa ng'ombe wa wote. Njia itafunguliwa. Na uzio utajengwa na wenye ng'ombe wenyewe, maana huu wa Baba, alisema Mzee Sulle, ulikuwa uzio wa mpishi. "Mbuzi wangu wanaucheka. Walikuwa wanauheshimu kwa sababu niliwaambia."

Siku ya kazi walikuja na mapanga, kelele na watoto. Walibomoa ule uzio mrefu na kwa miiba yake wakajenga mfupi, mnene, kuizunguka bustani. Walibishana kila nguzo ilipochimbiwa. Mmoja alisema mlango uelekee nyumbani kwetu, mwingine akasema uelekee kijitoni kwa ajili ya maji ya kumwagilia, na Mzee Sulle akaamua uelekee kwake, ili, alisema, amwone Baba akiingia kula kwa siri. Ukawekwa huko. Bustani ile ikawa na mlango uliotazama nyumba ya jirani, na hapajatokea ulinzi bora kuliko huo. Baadaye ng'ombe yeyote aliyesogea karibu, hata akiwa wa mbali, alifukuzwa na watu wa nyumba ya Sulle kabla sisi hatujaamka. Mtu hukilinda vizuri kile alichoombwa ruhusa, mwanangu, kuliko kile alichonyang'anywa.

Walipofungua njia, wa kwanza kupita alikuwa Mama Fabiano. Hakutazama asparaga wala watu waliokuwa wakifanya kazi. Alikwenda moja kwa moja mlangoni akakaa chini kando ya kigoda, akatoa ugoro, akaanza mahali alipoishia siku ya mwisho, kama mtu aliyetoka kidogo kuchukua kuni. Bibi alikuwa na habari nyingi za kudai.

Jioni ng'ombe wakaingia kwenye mabua. Nilikaa karibu na Bibi nikaona jinsi uso wake ulivyokuwa ukienda huku na huku kufuata sauti. "Huyo ni yule dume mwenye kengele iliyopasuka," alisema. "Huyo ni Fabiano, anaburuta kiatu, mwambieni baba yake amshonee. Huyu simjui." Nikamwambia ni kijana aliyehamia upande wa kanisani. "Mwite," akasema. "Aje nimjue miguu." Kijana akaja, akaamkia, Bibi akamtaka atembee kwenda na kurudi mbele yake. Akatembea, akiona haya. "Haya," Bibi akasema, "nimekuandika." Usiku ule alikula ugali wake wote, akalaumu kwamba mboga haikutosha.

Mvua za vuli zilipofika chipukizi zilitoka, nene na nyororo, zenye rangi ya zambarau kidogo kichwani, na safari hii Baba hakuziacha zifumuke. Alivaa aproni. Alichemsha za kwanza kwa maji ya chumvi, akazipaka samli ya Mama Fabiano, akazipanga kwenye sahani kwa namna ambayo kilima chetu kilikuwa hakijaona chakula kikipangwa, akaita waliojenga uzio. Wakakaa, wakachukua kila mmoja kidole chake, wakatafuna kwa makini sana. Baba alisimama nyuma yao mikono mgongoni, amebana pumzi.

Mzee Sulle alimeza. "Ni nyasi," akasema. Akafikiri. "Lakini nyasi iliyokwenda shule."

Wote wakanitazama mimi.

Kisha akauliza ugali uko wapi. Hakula asparaga tena maishani mwake ila alipolazimishwa kwa heshima, lakini tangu siku ile nilimsikia akiwaambia wageni wa mbali, kwa sauti ya mwenye mali, "Ile asparaga yetu." Aliyeipenda kweli alikuwa Bibi. Meno yake yalikuwa machache, na zile ncha laini zilimwafiki. Watalii walipoanza kurudi, magari ya hoteli yalisimama barabarani kuulizia mboga ya mpishi, na mara nyingi yaliambiwa yangoje, Bibi hajala.

Mwanangu, sikuandikii haya ili ukachukie uzio. Ningekuwa mnafiki, ninao wangu, na una geti la chuma linalolia. Siku hizi Karatu watu wanamaliza ukuta kabla hawajaanza nyumba, nami nawaelewa. Kila mtu hufika siku akawa na kitu ambacho hakiendi na msimu wa wenzake. Wenzako wamevuna na kumaliza, wewe chako bado kinangoja mvua nyingine. Pengine ni masomo, pengine ni ndoa na mtu wa mbali, pengine ni kazi ambayo nyumbani hakuna anayeielewa, kama hii yangu ya makala. Kitu hicho kitataka kuzungushiwa. Kizungushie. Lakini usianze na miiba. Kabla hujachimba shimo la nguzo ya kwanza, nenda kwa yule ambaye atakuta njia imefungwa, ukae naye, umwambie unataka kufanya nini na kwa nini, na umwombe. Omba hata kilicho chako. Sheria itakwambia huna haja, na sheria itakuwa kweli, nawe utabaki na sheria yako ukipiga maharage peke yako. Usidhani kuomba kunakupunguzia umiliki. Kunaongeza walinzi.

Tena uzio wako uwe mfupi. Zungushia asparaga, usizungushie kilima. Nikitazama wenzangu tuliosoma pamoja, walioumia si wale waliofunga kitu, ni wale walioshindwa kujua pa kuishia. Na kabla hujafunga njia yoyote, uliza ndani ya nyumba yako mwenyewe ni nani anayeishi kwa njia hiyo. Mara nyingi ni mtu asiyetoka nje, asiyelalamika, na utakayemsikia mwisho kabisa.

Kwetu baraka haisemwi na mtu mmoja. Msemaji husema, waliokaa huitikia. Basi nami nasema, nawe uitikie hapo ulipo, hata kama uko kwenye basi na watu watakushangaa. Mungu akupe udongo mwekundu usiochoka na mvua isiyokuja kwa hasira. Akupe jirani mwenye ng'ombe wengi na kinyongo kifupi. Akupe kazi inayochelewa kuzaa, na watu wa kukucheka wakati unaingoja. Na siku itakayokubidi kuinama na kuomba, ulimi wako uwe mwepesi, kibuyu chako kisivuje, na utakayemwendea umkute nyumbani.